Vijiti Mia Mbili na Kumi na Viwili

Miti ya barabara ya boma ilitugharimu miche kumi na mmoja, majogoo wawili, siku tisa za kubeba maji, na ukucha wa kidole gumba changu cha kulia. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikianzia mwisho, na jibu ni lile lile. Ukucha uliota tena, kwa hiyo anayetaka anaweza kuuondoa kwenye hesabu. Majogoo hawakurudi.

Nawaandikia ninyi mliobaki kitaluni, maana nimestaafu majuzi na mikono haijazoea kukaa bure. Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye faili, na aliyeziandika alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Mimi nitasema yale ambayo faili halina.

Sikuingia kazini kwa sababu ya kupenda miti. Nilikuwa mchuuzi. Nilinunua kuku Mtinko, nikauza mjini Singida, na njiani nikakusanya makopo matupu kutoka kwenye maduka, kwa sababu niligundua kuna mzee mmoja pembeni ya mji anayeyanunua. Mzee huyo alikuwa Mkumbo, Mnyiramba mfupi mwenye ugoro mfukoni, mnyapara wa kitalu cha miti cha serikali. Makopo aliyatoboa chini kwa msumari, akajaza udongo, akakuzia miche.

Siku moja tulibishana juu ya kopo moja lenye kutu tangu jua la saa tatu mpaka vibarua wakaenda kula. Yeye alisema linavuja. Nikamwambia, "Mzee, wewe mwenyewe utalitoboa. Mimi nimekupunguzia kazi, ilibidi uniongeze." Alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Akasema, "Mtu anayepigania kopo bovu namna hii hawezi kuacha mche wangu ufe. Njoo kesho asubuhi."

Kesho yake nikatia aibu. Alinipa bahasha ya mbegu za jakaranda, akaniambia nikazisie kwenye tuta. Mbegu ya jakaranda ni nyepesi kama ganda la kitunguu, ina kijibawa pembeni. Nami nikaifungua bahasha nimesimama wima, nimeupa upepo wa Singida uso. Zikaruka zote. Nyingine zilifika kwenye uzio, nyingine nadhani zilivuka mkoa. Mzee Mkumbo hakunigombeza. Alisema tu, "Zilikuwa mia tatu. Nitazipokea zikiwa mia tatu." Nilirudisha mia mbili themanini na nne, nikiwa nimepiga magoti mpaka alasiri. Akazipokea, akaniuliza, "Umejifunza nini?" Nikasema, "Jakaranda hufunguliwa mtu akiwa amechuchumaa." Akasema, "Na zimebaki kumi na sita." Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza, na cheti sikupewa.

Yaliyobaki nilijifunza kidogo kidogo, na nayaweka hapa kwa ajili ya wale wanaopenda kuandika kwenye viganja. Mbegu ya jakaranda ilaze ubapa, uinyunyizie mchanga wa kuifunika tu. Mkrismasi, ule wa maua mekundu ya Desemba, ni kinyume chake. Mbegu yake ni ndefu, ngumu kama jiwe, na usipoisugua pembeni au kuimwagia maji ya moto na kuiacha iloweke hadi kesho yake, itakaa ardhini ikikucheka. Ganda la jakaranda ni duara bapa, kama kikopo cha ugoro. La mkrismasi ni ala ya panga. Mpaka hapo hata mlevi hawezi kuchanganya.

Shida huanza miche ikishaota. Yote miwili inakua haraka, na yote miwili ina majani yaliyochanika vidogovidogo kama manyoya, na mgeni ataapa kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Mzee alinifundisha kuhesabu, na hapo nilikuwa kwetu. Shika jani zima, fuata mshipa wake mpaka ncha. Kwenye jakaranda, mwishoni utakuta kijijani kimoja peke yake, kirefu, chenye ncha kali. Kwenye mkrismasi hukuti cha peke yake, vinamalizika viwili viwili, na ncha zake ni butu. Kisha shuka kwenye kikonyo, pale kinaposhika shina: mkrismasi ina kidude kama kitana. Jakaranda haina.

Niliona kwamba Mzee mwenyewe hahesabu kwa macho. Alipitisha vidole tu, akasema jina, akaenda. Nikadhani ni maringo ya mtu aliyezeeka kazini.

Mwaka uliofuata Bwana Misitu, Mwingereza aliyesimamia kitalu chetu na vingine viwili vya mbali, alileta mpango wa barabara ya boma. Upande wa kulia, palipo na ofisi, pasimame jakaranda tupu. Upande wa kushoto, palipo wazi, mkrismasi tupu. Haikuwa kwa ajili ya zambarau na nyekundu peke yake. Mizizi ya mkrismasi hutambaa juujuu na ina nguvu, ukiipanda karibu na ukuta, baada ya miaka michache ukuta unapasuka. Tukakuza miche mia mbili na kumi na miwili ndani ya makopo, kila aina na upande wake na kibao chake. Kufika kiangazi ilikuwa imenifika kiunoni.

Ndipo tukaletewa karani mpya, Athumani, kutoka Tanga. Kijana nadhifu, kanzu nyeupe, kalamu mbili. Wiki ya kwanza alitazama makopo yetu, akasema yamekaa ovyo. Akaamuru vibarua wayapange upya kwa urefu wa miche, mifupi mbele, mirefu nyuma, kama askari wa gwaride. Aina zikachanganyika. Mzee Mkumbo alinung'unika, lakini akasema, "Acha. Majani yapo. Tutayatenganisha siku ya kupanda." Vibao vikabaki vimelala chini, na mchwa wakavila, maana mchwa wa kwetu hawasomi lakini hawabagui maandishi.

Mwezi mmoja baadaye Mzee alikwenda kwao Iramba kwenye msiba, nami nikatumwa Ihanja kutafuta samadi. Kisima cha kitalu kilikuwa kimebaki matope. Karani akatazama, akaona ziwa lililo kando ya mji, limejaa, linameremeta. Akaamuru miche imwagiliwe maji ya ziwa. Vibarua wote walijua. Lakini amri ya karani ni amri, na wengine, sitawataja, walitaka kuona itakuwaje. Siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni.

Niliporudi na samadi, majani yalikuwa yameungua ncha, na mengine yalikuwa yanapukutika ukiyapumulia.

"Umeinywesha nini miche hii?" nikamuuliza karani.

"Maji, ndugu yangu. Nini tena?"

"Ya wapi?"

"Ya ziwani. Yako tele pale, nyie mnahangaika na kisima."

"Karani, ziwa lile lina chumvi."

Akanicheka usoni. "Ziwa? Chumvi ni ya bahari, bwana! Ziwa ni maji baridi, hata mtoto anajua. Mimi nimezaliwa ufukweni, wewe wa bara utanifundisha chumvi?"

"Ungeonja."

"Nani anaonja maji ya kumwagilia?"

Tukaenda mpaka ukingoni, akachota kiganja. Sitaeleza sura yake. Niseme tu kwamba ile kanzu ilipata doa.

Baada ya siku tano hapakuwa na jani hata moja. Vijiti mia mbili na kumi na viwili ndani ya makopo. Ndipo Mzee Mkumbo akarudi kutoka msibani. Nilimweleza yote, naye akanyoosha mkono kuchukua kikopo chake cha ugoro juu ya debe. Mimi nilikuwa nimekisogeza shibiri moja nilipokuwa nikikaa. Mkono wake ukatua pale kilipokuwa mwanzo. Ukapapasa. Kikopo kiko mbele ya macho yake, na mkono unapapasa.

Nikamtazama machoni, sawasawa, kwa mara ya kwanza. Mboni zilikuwa na ukungu mweupe, zote mbili. Mtoto wa jicho.

"Umejua," akasema.

"Leo, mzee."

"Utamwambia nani?"

"Hakuna aliyefika bei."

Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Alikuwa amebakiza miezi minane kupata kiinua mgongo chake. Akiondolewa kabla, anaondoka na ugoro wake tu. Na sasa Bwana Misitu alikuwa njiani kuja kusimamia upandaji, na Karani Athumani, kwa hofu, alikuwa ameshaandika barua kwamba miche imeharibika kwa sababu mnyapara amezeeka na hawezi tena kazi. Barua yenyewe nilionyeshwa na tarishi. Haikutaja ziwa.

"Mzee," nikasema, "bila majani, unaweza kuitenganisha?"

"Leta mmoja."

Nikaleta. Akapitisha kidole gumba kwenye shina, chini kwenda juu. "Jakaranda." Mwingine. "Mkrismasi." Akaushika mkono wangu, akaupitisha pale alipopita yeye. "Jani likianguka linaacha kovu. Jakaranda majani yake hukaa mawili mawili, yakitazamana kama watu wanaoamkiana. Makovu yake ni hivyo hivyo, jozi kwa jozi. Mkrismasi ni moja huku, moja kule, kama nyayo za mtu anayepanda kilima. Funga macho, utaona vizuri zaidi."

Nilifunga. Nikakosa mitatu katika kumi. Nilipofumbua nikakosa minne.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuiosha chumvi kabla haijaua mizizi. Maji matamu ya karibu yalikuwa Unyambwa, kwa mama mmoja Mnyaturu mwenye kisima na punda wawili. Nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kununua kuku, sina. Kama umekuja kuuza, sinunui."

"Nimekuja kwa maji."

"Ya kunywa, bure. Kata ile pale."

"Ya miti, mama. Safari tisa za punda."

Akaacha kupepeta. "Miti ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi jogoo mmoja kila safari. Serikali ina kuku wengi, kila mwaka inakuja kuwachukua."

"Mama, majogoo tisa! Nitakupa mmoja, na shukrani."

"Shukrani zangu zipo, zimejaa ghala. Sita."

Tulianzia tisa na moja, tukakutana kwa majogoo wawili na mti mmoja mlangoni kwake. Mti aliuchagua mwekundu, "unaoonekana toka mbali, majirani waumie." Majogoo walikuwa wangu, wa nyumbani. Mke wangu alihesabu banda jioni ile, naye pia huhesabu mara mbili, lakini hayo si mambo ya kazi.

Siku tisa tulimwaga maji matamu kila kopo mpaka yatoke chini, tukangoja, tukamwaga tena. Ndipo debe liliponiangukia kidoleni. Karani Athumani alikuja siku ya pili, amekunja kanzu, akabeba.

Bwana Misitu akafika. Kiswahili chake kilikuwa cha mtihani, kila neno limepigwa pasi. Alitazama vijiti, akaitazama barua, akasema, "Mkumbo, umefanya kazi miaka mingi. Nadhani sasa inafaa upumzike. Vijiti hivi tutavitupa, tutaagiza miche mipya."

Mzee alikuwa amesimama wima, ameelekeza uso pale sauti ilipotoka. Nikaona nikinyamaza, imekwisha.

"Bwana," nikasema, "vijiti hivi havijafa, na Mzee Mkumbo anavijua vyote kwa majina. Atavitenganisha leo, mbele yako. Kisha utupe miezi miwili vichipue. Ukikuta kimoja kimekosewa, tuondoe wote wawili."

"Miezi miwili? Mvua zitanipita. Wiki mbili."

"Wiki sita, Bwana. Mti hauna saa mkononi."

"Wiki tatu. Basi."

Nikaguna kama mtu aliyeumizwa. Nilihitaji wiki tatu.

Mzee akakaa juu ya debe lililopinduliwa, mchana kweupe, vibarua wote wamezunguka. Mimi nampelekea kopo, yeye anapitisha vidole, anasema jina. Jakaranda nafunga kamba ya katani yenye fundo moja, mkrismasi mafundo mawili. Mingine alikwangua gome kwa ukucha, akanusa, akasema, "Huyu ameondoka," nikaweka pembeni bila kamba. Bwana alisogea karibu. "Kwa nini hatazami?" akaniuliza. Nikasema, "Bwana, kinyozi mzuri haangalii wembe." Sijui kama ni kweli. Alitikisa kichwa kama mtu aliyejifunza kitu.

Karani alikuwa na wasiwasi wake. Alikwisha kushtukia macho yale, nadhani, na alitaka kujua. Tulipofika kama mia na hamsini, akachomoa fito kwenye uzio, akaichomeka kwenye kopo lenye udongo, akanisukumia. Sikuweza kuikataa mbele ya Bwana. Nikaipeleka.

Mzee akapitisha vidole. Akarudia. Akaivuta, ikatoka na udongo kidogo.

"Huyu hajawahi kuwa na mizizi," akasema. "Karani, rudisha fito yako, mbuzi wataingia."

Vibarua walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kibarua mmoja akapiga kigelegele, mwanamume mzima. Hata Bwana alicheka, na Athumani mwenyewe, baada ya kutafuta pa kuficha uso na kukosa, akacheka. Kisha akaichukua fito ile, akairudisha pale pale kwenye tundu lake.

Jumla: jakaranda mia moja thelathini na nane, mkrismasi sitini na tatu, waliokufa kumi na mmoja. Nikahesabu mara ya pili jioni. Ni sawa.

Wiki tatu zile sikulala vizuri, ingawa wengine watasema ni kwa sababu ya majogoo. Kila asubuhi nilikuta Mzee ameshafika, anapapasa ncha za vijiti. Siku ya kumi na mbili akaniita. "Gusa hapa." Palikuwa na kivimbe kidogo, laini, kama jino la mtoto chini ya ufizi. Baada ya hapo vilikuja vyote kwa pamoja, kitalu kikawa kijani tena kama hakikuwahi kukosewa.

Siku ya ishirini na moja Bwana Misitu alipita kopo kwa kopo, akitazama kamba, akitazama jani. Fundo moja, kijijani cha mwisho peke yake. Mafundo mawili, viwili viwili. Alikwenda mpaka mwisho, akarudi akianzia mwisho, nikampenda tangu siku ile. Mia moja thelathini na minane. Sitini na mitatu. Hakuna kosa. Na wale kumi na mmoja wasio na kamba, hata mmoja hakuchipua.

Ndipo Karani Athumani akajitokeza mbele, kalamu zote mbili mfukoni. "Bwana, ile barua yangu si ya kweli. Maji ya ziwa niliyaamuru mimi. Nilikuwa sijui." Ilimgharimu kuisema, na mimi ninayejua bei za vitu nasema alilipa kamili.

Bwana akamwendea Mzee Mkumbo, akanyoosha mkono ampe hongera. Mkono ukakaa hewani. Mzee alikuwa akitabasamu, akingoja aambiwe neno. Kila mtu aliuona ule mkono. Nikamshika Mzee kiwiko, nikaupeleka wa kwake mpaka ukakutana na ule mwingine.

Bwana alimtazama machoni muda mrefu, bila kuachia mkono. Nilianza kutafuta maneno ya kumuuzia, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na bidhaa.

"Mkumbo," akasema, "kwa miezi saba iliyobaki hakuna mche utakaotoka kitalu hiki bila kupita vidoleni mwako. Karani, andika hivyo."

Athumani akaandika. Alisema baadaye ndiyo hati aliyoiandika kwa mwandiko mzuri kuliko zote.

Tukaipanda barabara na mvua za kwanza. Mkrismasi mmoja ulikwenda Unyambwa, kama tulivyopatana. Mzee alimaliza miezi yake saba, akachukua kiinua mgongo chake mkononi, akakihesabu noti kwa noti kwa kidole gumba, naye hakukosea.

Alikuwa akirudi kututembelea kila mwaka, akiongozwa. Mwaka wa tano wa ile miti nilimchukua mimi mwenyewe, mwezi wa Oktoba, ardhi imekauka, hakuna jani, na upande wa kulia wote umewaka zambarau kutoka ofisi ya kwanza hadi ya mwisho. Hapakuwa na mti hata mmoja ulioruka mstari. Maua yalikuwa yamemwagika chini mpaka barabara haionekani. Mzee akavua viatu, akatembea juu yake, na kila hatua ua lilipasuka chini ya unyayo, pu, pu. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walisimama kumtazama.

"Mingapi?" akaniuliza.

"Yote, mzee."

"Sikuuliza yote. Nimeuliza mingapi."

Tukaihesabu kutoka mwanzo, yeye akigusa, mimi nikitaja. Tukarudi tukiihesabu tena.

Sasa nina ombi, na ndiyo sababu hasa ya kuandika. Mnajua kwamba miaka yangu ya mwisho nilijaribu kuwafundisha vijana makovu. Niliwafunga vitambaa, niliwakalisha juu ya debe, niliwapa vijiti. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hii, bado nakosa mmoja katika thelathini, na Mzee hakukosa katika mia mbili. Wao wanafanya kwa siku mbili, halafu naona kitambaa kimepanda kidogo upande mmoja. Sasa mna vibao vya bati na rangi, mnasema inatosha. Labda inatosha. Lakini mwenye kujua njia, aniletee hapa nyumbani, nitampa jogoo, na bei hatutabishana: mtu mwenye macho mazima unamfundishaje asichungulie?